Aliyekuja na Mwenzake

Udongo wa kaburi la mama ulikuwa haujakauka nilipopigiwa simu ya kazi. Ndivyo yalivyo maisha ya fundi wa kompyuta. Watu wakisikia umefiwa wanakupa pole, na kabla hawajakata simu wanakuuliza kama utapita kesho. Aliyenipigia alikuwa mwalimu wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja kidogo upande wa Maseno, mtu mpole, mcha Mungu, nadhifu kupita kiasi, ambaye hupanga hata nyaya zake kwa rangi. Akanipa pole ndefu ya heshima. Kisha akashusha sauti.

"Bwana fundi, hizi mashine zimegoma. Zinawaka, lakini ni maandishi tu, meupe kwa giza. Picha hakuna, mouse hakuna, internet hakuna. Na mimi sikufanya kitu mbaya. Nilitoa tu karata."

"Mashine gani?"

"Zote."

Nilikuwa nimerudi Kisumu kuchukua nguo safi tu, kwenye chumba changu cha kupanga pale Migosi. Nilikuwa nimechoka uchovu ule wa msiba, ambao kulala hakuutoi. Umesimama na kusalimia watu tangu alfajiri, umetafuta viti, umetafuta maji, umesikiliza hotuba za watu wasiomjua marehemu, na bado kuna mtu anakuvuta kando kukuuliza utaoa lini. Mimi sina mke, jambo ambalo katika msiba wa mama yangu lilizungumzwa kuliko mama yangu mwenyewe. Nilitaka kulala wiki nzima. Lakini Jumamosi tulikuwa na kikao cha ukoo nyumbani, karibu na Usenge, na kikao hicho kilikuwa kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Nikaona afadhali niende Maseno nisumbuliwe na mashine.

Kikao kilikuwa cha kugawa vitu vya mama. Nguo, sufuria, sare yake ya kanisa, hayo hayana ugomvi mkubwa. Kilichonisumbua ni kwamba baada ya vitu tulikuwa tuamue pia habari ya mama mdogo.

Mama mdogo ni dada yake mama, aliyemfuata kwa kuzaliwa. Mama alipoolewa huku akamzaa kaka yangu mkubwa, watu wa kwao walimtuma huyu mdogo wake aje kumbeba mtoto. Kwa Kijaluo msichana kama huyo anaitwa japidi, na kila nyumba ya zamani ilikuwa na japidi wake. Hakuulizwa. Walimfungia nguo, wakamwambia twende. Japidi kwa kawaida hurudi kwao mtoto akishajua kutembea, au hupata mume kule kule, au mume wa dada yake anamwoa awe mke wa pili, na hapo mambo yanakuwa yamejipanga yenyewe. Lakini baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, na habari ya wake wawili hakutaka hata kuisikia. Kwa hiyo hakumwoa. Wala hakumrudisha, kwa sababu baada ya mtoto wa kwanza alikuja wa pili, na baada ya huyo mwingine, na mgongo wa kubeba ulikuwa ule ule.

Mvuvi mmoja alikuja kumposa wakati mmoja. Nasimuliwa tu, maana mimi ndiye niliyekuwa mgongoni. Mimi ni kitinda mimba, na nilizaliwa dhaifu, kifua kikinikaba kila mvua ikinyesha. Mama akamwomba mdogo wake asubiri kidogo, mtoto apate nguvu. Akasubiri. Mvuvi naye akasubiri, mpaka akachoka, akaoa Bondo. Mama mdogo hajawahi kunisimulia habari hii mwenyewe. Nimeipata kwa kina shangazi, ambao hawana kazi nyingine.

Kwetu mwanamke hana mahali pake mwenyewe. Ana mahali pa mtu. Aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Asiyeolewa, hata kwa baba yake hazikwi ndani ya boma, anawekwa nje ya uzio, na siku hizi hata huko nje ni shamba la mtu. Huyu wetu kwao aliondoka akiwa msichana. Waliobaki huko ni watoto wa ndugu yake, watu wazima waliowahi kumwona kwenye mazishi tu. Kwetu alikuwa dada ya mke wa mwenye boma. Mwenye boma alishafariki, na sasa mkewe pia.

Asubuhi niliyoondoka kuja Kisumu nilimkuta nje anatandaza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye chandarua, ingawa hapakuwa na mtu aliyemwagiza. Alikuwa akizitawanya kwa kiganja, taratibu, zisilaliane. Nikachuchumaa nimsaidie. Akaniacha kidogo, kisha akaanza kurudia pale nilipopita mimi.

"Mtakaa lini hicho kikao?"

"Jumamosi, Mama."

"Mimi siogopi kufa, nyathina," akasema, akiniita mtoto wake kama alivyoniita siku zote. "Naogopa kuzungushwa na gari. Wafike hapa waambiwe huyu si wetu. Waende kwetu waambiwe huyu hatumjui. Jua inachoma, na mimi niko tu kwa gari."

Nilimwambia asiwaze mambo hayo, maneno ambayo mtu husema akiwa hana la kusema. Nyuma yake, mlangoni pa jiko alikolala miaka yote, niliona mfuko wake wa miraba, ile mifuko mikubwa ya plastiki ya wasafiri, umeshafungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyekuwa amemwambia afunge.

Chuoni nilimkuta mwalimu wa maabara amekaa katikati ya mashine zake akiwa ameshika kichwa. Wanafunzi walikuwa na mtihani wa kuchapa Jumatatu. Nikawasha mashine moja, nikasoma yale maandishi meupe, na nikajua kilichotokea kabla hajamaliza kusimulia.

Ilikuwa hivi. Kasisi wa chuo alipita maabara akamkuta kijana anacheza karata kwenye kompyuta, ule mchezo wa mtu mmoja wa kupanga karata kwa rangi. Ungemweleza kasisi kwamba hapo hakuna kamari, asingekuelewa. Kwake karata ni karata. Akaagiza zitolewe kwenye mashine zote, maana wageni wa kanisa walikuwa wanakuja. Mwalimu wetu, mtu mtiifu, akaanza kuzitoa mashine baada ya mashine. Zikatoka. Halafu mashine ikamwambia kuna takataka zimebaki, je, azifagie? Mtu anayepanga nyaya kwa rangi huwezi kumwambia kuna takataka akaacha. Akakubali.

"Lakini iliandika kabisa hazihitajiki," akaniambia. "Not required. Mimi nilisoma na macho yangu."

"Haikukudanganya," nikasema.

Nieleze hapa taratibu, maana jambo hili lilinichosha wiki ile karibu sawa na kilio chenyewe. Kompyuta za pale zinatumia mfumo wa bure, usiohitaji leseni, na mfumo huo una msimamizi wake, programu ambayo kazi yake ni kuweka na kuondoa programu nyingine. Ukimwagiza programu ya kuandikia barua, haleti hiyo peke yake. Analeta na zile ambazo hiyo haiwezi kufanya kazi bila hizo, ya herufi, ya kuongea na printa, na hizo nazo zina zao. Umealika mgeni mmoja, anafika na ukoo. Wale wengine hukuwaita, hata majina yao huyajui, lakini bila wao uliyemwita ni bubu.

Sasa huyo msimamizi hasahau. Kila programu anaiwekea alama. Hii iliitwa na mwenye mashine. Hii ilikuja na mwenzake. Basi. Siku ukimwondoa uliyemwita, anatazama waliokuja naye, na asipoona mwingine anayewahitaji, anakuandikia kwa Kiingereza cha adabu kwamba wafuatao walikuja wenyewe na hawahitajiki tena, ukipenda atawatoa. Si ukatili. Nimefungua mashine za watu ambazo hazijafagiwa tangu zinunuliwe, zimejaa masalio ya programu zilizoondoka zamani, mpaka hakuna nafasi ya kuhifadhi barua moja. Mimi mwenyewe nakubali ufagio huo mara kwa mara na sioni haya.

Kasoro yake ni kwamba hapimi nani anafanya kazi. Anapima nani aliitwa. Programu inaweza kuwa inatumika tangu asubuhi mpaka jioni, ndiyo inayokuonyesha hiyo skrini unayosomea, lakini kama ilikuja na mwenzake na mwenzake ameondoka, machoni pa msimamizi imebaki bure.

Na karata zile ndizo zilizobomoa kila kitu, kwa njia ya kijinga kabisa. Aliyeweka mfumo pale mwanzoni alikuwa ameagiza kifurushi kimoja tu kikubwa. Kifurushi hicho ndani hakina kitu. Ni kama mwenyekiti wa kamati ya mazishi: yeye mwenyewe habebi jeneza wala hachoti maji, ila kwa jina lake watu wote wamefika. Kwa jina lake yalikuja madirisha na picha za skrini, ikaja programu ya mtandao, ya printa, ya sauti, na karata nazo zikaja humo humo. Ahadi yake ilikuwa kuwa na hao wote. Ukitoa karata, ahadi imevunjika, na mwenyekiti anaondoka. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu mwenyekiti alikuwa hafanyi kazi yoyote. Lakini akishaondoka, wale wote waliokuja kwa jina lake hawana aliyewaita. Ndiyo takataka alizoambiwa mwalimu azifagie.

"Kwa hivyo nimefukuza watu ya kazi yote, kwa sababu ya karata," akasema.

"Kwa sababu ya kasisi," nikasema, na ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kuzirudisha si kazi ya akili, ni kazi ya mgongo. Programu ya mtandao ilikuwa imefagiwa pamoja na nyingine, kwa hiyo mashine haikuweza hata kuuliza njia ya kurudishia vilivyotoka. Nilizifungulia mtandao kwa mkono, amri baada ya amri, nikiwa nimepinda shingo kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Mwalimu akaniletea chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Mashine moja ikawaka vizuri, kisha nyingine. Kila moja ilipoonyesha tena ile picha ya mlima ya skrini yake, yeye alisema "ero kamano" kwa sauti ya chini, akiishukuru mashine au Mungu, sikuuliza.

Kabla ya kuondoka nilifanya jambo moja zaidi. Nilipitia zile programu za lazima na kubadilisha alama zake. Ni amri fupi tu. Unamtajia msimamizi jina la programu na kumwambia kuanzia leo hii imeitwa. Haji tena kukuuliza kama aiondoe, hata aliyekuja nayo aende wapi.

Mwalimu alikuwa amesimama begani mwangu. "Lakini hii hatukuiita," akasema. Ni mtu mkweli mpaka anachosha. "Hii ilikuja na ile kubwa. Si hiyo ni kama kudanganya system?"

"Haulizi ilikujaje. Anauliza kama unaitaka."

Nilitamka maneno hayo kwa uchovu tu, nikiwa nataka kwenda nyumbani. Nilifika barabarani ndipo yakanirudia, na yakanikalia kifuani mpaka Kisumu. Nilijua kabisa yananielekeza wapi na sikutaka kwenda huko. Nilikuwa na mipango yangu. Kwa mila yetu nyumba ya mama huachiwa kitinda mimba, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa inanijia mimi, na nilikuwa nimeshaamua moyoni kuifunga, niwe naenda Krismasi na Pasaka kama watu wengine. Nilikuwa nimemuuguza mama mwisho wa wiki baada ya mwisho wa wiki kwa muda mrefu. Nilitaka Jumamosi moja ya kukaa Kisumu bila kufanya chochote, na sikuona kama naomba makubwa.

Jumamosi kaka yangu mkubwa alifika kutoka Milimani na gari lake limejaa mikate. Yeye ni mkubwa wa ofisi, na msiba huu aliubeba kwa sehemu kubwa, hilo lazima niliseme. Ni mtu wa utaratibu. Alitaka kila kitu kiishe siku ile, kila kitu kiwe na mahali pake. Mkewe alikuwa jikoni amekasirika kwa sababu mwiko mkubwa wa ugali haukuonekana. Tangu mazishi walikuwa wakisongea ugali kwa kipande cha kuni kilichochongwa, na ugali ulikuwa unatoka mbichi katikati.

"Watu wa matanga ni wezi," akasema. "Kijiko, kifuniko ya sufuria, hiyo nimezoea. Lakini mtu anabeba mwiko anaenda nayo wapi?"

Tulikaa sebuleni kwa mama. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyeongoza kikao. Mazungumzo yalikuwa ya Kijaluo na Kiswahili vikifukuzana, na nayaweka hapa kwa Kiswahili chetu. Vitu viligawanywa bila kelele. Sare ya kanisa ilienda kwa mwanamke mwenzake wa kwaya aliyelia mpaka tukamngoja. Nyumba nikatajiwa mimi, nami nikaitikia. Kisha baba mdogo akaagiza mama mdogo aitwe.

Aliingia akavua kandambili mlangoni, kama mtu anayeingia nyumba ya wengine, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Sebule ile aliipiga deki tangu sijazaliwa.

"Sasa imebaki hii maneno ya huyu mama," baba mdogo akaanza. Hakuwa mkali. Alikuwa mzee aliyetaka kwenda kupumzika. "Alikuja na mke wa ndugu yangu. Huyo ametuacha. Kwa hivyo lazima tuulize, hapa ako kwa nani?"

Kaka yangu akajikohoza. "Baba, mimi sifukuzi mtu. Huyu mama alinibeba mgongoni, kila mtu anajua. Lakini let us be realistic. Hii nyumba itafungwa. Yeye ni mzee. Akianguka huko jikoni, nani atajua? Nimeongea na watu wa kwao, watoto wa ndugu yake. Nimewaelezea. Wamesema sawa."

"Walisema huyu mama aje, ama walisema sawa?" nikauliza.

"Walisema sawa."

Kaka yangu aliangalia viatu vyake, na nilimhurumia, kwa sababu hakuwa na ubaya. Kama mwalimu wa maabara, alikuwa amesoma maandishi kwenye skrini yake na yalisema hivyo kabisa. Mama mdogo naye alikuwa ameyasoma kabla yetu sote, ndiyo maana mfuko ulikuwa umefungwa.

Baba mdogo akageukia watu wote. "Kuna mtu hapa anaweza kusema ndiye alimwita huyu mama?"

Lilikuwa swali la kufunga mjadala tu. Waliomwita walikuwa wamekufa wote.

"Ni mimi," nikasema.

Watu wakacheka. Hata mke wa kaka yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kile kipande cha kuni mkononi, alicheka. Mama mdogo ndiye ambaye hakucheka. Aliniangalia, kisha akamwambia baba mdogo, kwa ule ukweli wake usiojua kumpendelea mtu:

"Huyu hakuniita. Huyu alikuwa analia tu."

Wakacheka zaidi. Mimi machozi yakanijia, na nikakasirika, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kulia kwenye mazishi na nilidhani yameisha.

"Basi leo ndiyo namwita," nikasema. "Nyumba mmesema ni yangu. Huyu si wa mama tena, ni wangu. Na asilale jikoni. Alale hapa ndani."

"Kwa mila gani?" baba mdogo akauliza. "Huyu hakuolewa hapa. Leo analala ndani, sawa. Siku yake ikifika?"

"Siku yake ikifika hakuna gari itazunguka na yeye. Ni hapa hapa."

"Nakuuliza kwa mila gani."

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nilikuwa sina mila yoyote mfukoni. "Mama ya mtu anazikwa kwa mtoto wake," nikasema. "Ama hiyo pia imebadilika?"

Baba mdogo akakuna kidevu. Aliniangalia, akamwangalia yeye, akaangalia picha ya ndugu yake ukutani, yule mwalimu aliyekataa wake wawili.

"Unasema mbele ya hawa wote ni mama yako."

"Ndio, Baba."

"Kama ni mama yako," akasema, "sasa tunajadili nini? Mama ya mtu hajadiliwi." Na akaanza kutafuta fimbo yake, maana kwake kikao kilikuwa kimeisha.

Kaka yangu akanisogelea. Nilidhani atanilaumu kwa kumvurugia utaratibu wake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Utakuwa unakuja?"

"Kila wiki," nikasema, na nikaziona Jumamosi zangu zote zikiondoka, moja baada ya nyingine, mpaka uzeeni. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia kama mtu aliyepokea mzigo akiwa bado hajatua wa kwanza. Kaka akanishika bega, akasema ataleta mabati mapya ya upande unaovuja, kisha akatoka nje haraka, na nadhani alienda kulia nyuma ya gari.

Mama mdogo alibaki kwenye kigoda mpaka watu walipotoka. Nikaenda nikakaa sakafuni karibu naye. Alinukia omena na moshi, harufu niliyolala nayo utoto wangu wote.

"Umeniita nije nifanye nini?" akauliza.

Hakuwa ananitania. Katika maisha yake yote alikuwa ameletwa kwa ajili ya kazi ya mtu, na alitaka kujua hii ya sasa ni ipi ili aianze.

"Hakuna kazi, Mama. Ukae tu."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo na kusema sitaki uji. "Kukaa tu ni ya mgeni," akasema.

Akainuka kwa kushika bega langu, akaenda mpaka mlangoni pa jiko, akainama kwenye ule mfuko wake na kufungua kamba ya katani kwa meno. Hakutoa nguo. Aliingiza mkono mpaka chini kabisa, akatoa mwiko wetu mkubwa wa ugali, mweusi kwa miaka, umelika upande mmoja. Ndicho kitu pekee cha nyumba ile alichokuwa amejichukulia. Mke wa kaka yangu, aliyekuwa amerudi jikoni kusonga ugali, aliuona, akafungua mdomo, akaufunga, akaweka chini kile kipande cha kuni.

"Sogea," mama mdogo akamwambia. "Mmekula unga mbichi vya kutosha."